Nimeisikiliza Hadi Nimeikinai: Utamu Wake Utarudi?

*Mwalimu, shikamoo. Nina rekodi moja ya tamthilia ya muziki, Les Misérables ya London ya mwaka 1985, ambayo nimeisikiliza karibu kila siku kwa miaka miwili. Nilianza mwaka niliokuwa namuuguza mama. Nikipika ipo, nikifua ipo, nikiwa safarini ipo. Zamani yule binti Éponine akianza wimbo wake "On My Own" machozi yalinitoka kabla hajamaliza ubeti wa kwanza. Sasa wimbo unaanza, unaisha, nakuja kushtuka tayari zimepita nyimbo tatu mbele. Nimeongeza sauti, nimenunua hedifoni mpya, wapi! Je, nimeiua mwenyewe? Na kama haijafa, naifufuaje?*

Marahaba, mwanangu. Pole kwanza kwa mwaka ule wa mama. Nitaurudia huko mbele, maana nadhani una sehemu yake katika jambo hili.

Rekodi haifi. Sauti zilizomo ni zile zile ulizozikuta siku ya kwanza, wala Frances Ruffelle, anayemwimba Éponine humo, hajaanza kuimba vibaya. Kilichobadilika ni kwamba ukishabonyeza tu, kichwa chako kinaanza kucheza nakala yake chenyewe, na ile inayotoka kwenye spika inabaki kuifuata nyuma kama mwangwi. Hiyo nakala ya kichwani ndiyo uliyoikinai, nayo ni nyembamba kuliko unavyodhani. Imebeba maneno, imebeba mahadhi ya juu, basi. Ukiniambia sasa hivi niandike besi inafanya nini Éponine anapomaliza ubeti wa pili, sidhani kama wewe ungeweza kunisaidia, pamoja na miaka yako miwili.

Kukinai kuna kanuni zake. Mwaka 1968 mwanasaikolojia Robert Zajonc alionyesha kwamba watu hukipenda kitu zaidi kadiri wanavyokutana nacho, hata kama ni alama zisizo na maana yoyote kwao. Mwaka 1971 Daniel Berlyne akaja na upande wa pili wa habari: raha hupanda pale penye ugeni wa kiasi, hufika kilele, kisha hushuka. Kitu kigeni mno kinatusumbua, kilichozoeleka mno kinatulaza. Na mwaka 2011 watafiti wa Montreal waliwapima watu wakisikiliza muziki unaowasisimua, wakakuta kwamba dopamini, ile kemikali ya raha ubongoni, humwagika wakati wa kuungoja ule mguso mtamu na tena mguso wenyewe unapofika, na kila mara katika sehemu tofauti ya ubongo. Zingatia hapo kwenye kungoja. Nusu ya raha ya muziki ni kungoja, na mtu hangoji kitu ambacho tayari amekishika mkononi. Wewe unaijua hadi pumzi anayovuta mwimbaji kabla ya neno la mwisho. Utangoja nini?

Rekodi za tamthilia, kwa maoni yangu, huchuja upesi kuliko muziki wa aina nyingine, na kosa haliko kwa watunzi. Zimetengenezwa kwa ajili ya mtu aliyeketi ukumbini. Wimbo wa Éponine unakuja katika sehemu ya pili ya mchezo. Aliye ukumbini hapo ameshakaa zaidi ya saa moja, amemwona binti huyu akimwonyesha kijana anayempenda njia ya kwenda kwa msichana mwingine, amemwona akitumwa barua. Wimbo unapoanza, ameiva. Wewe umekuwa ukiuchomoa peke yake, mara nne kwa siku pengine, huku sufuria iko jikoni inatokota. Hiyo ni minofu bila chakula. Mtunzi aliweka kilele juu ya mlima, wewe ukaomba ushushiwe kilele peke yake hadi mlangoni.

Basi tuanze na jambo rahisi na la kuudhi: iache. Mimi huwaambia watu wiki sita. Hakuna utafiti nyuma ya namba hiyo. Nimeona tu kwamba wiki mbili hazitoshi, na miezi sita humfanya mtu asirudi kabisa. Itoe kwenye simu, itoe kwenye orodha zako zote za nyimbo, na kama ndiyo mlio unaokuamsha, ubadilishe leo usiku. Leif Nelson na Tom Meyvis walichapisha mwaka 2008 majaribio yanayoonyesha kwamba kukatizwa katikati ya jambo tamu huongeza utamu wake, kwa sababu mazoea hukatika, ingawa watu wakiulizwa kabla husema hawataki kukatizwa. Mwaka uliofuata Galak, Redden na Kruger wakaonyesha kwamba kupona kwenye kukinai huenda haraka zaidi mtu akiyakumbuka mambo mengine aliyoyafaidi tangu hapo. Kwa hiyo usikae kimya wiki sita ukihesabu siku kama mfungwa. Sikiliza vingine, na uwe unavikumbuka.

Lakini kufunga peke yake hakunitoshi. Nimewaona wengi wakirudi baada ya mapumziko, wakafurahi siku tatu, wakarudi pale pale, kwa sababu walirudi na masikio yale yale. Ndani ya wiki hizo sita unahitaji kupata kitu cha kwenda kukitafuta.

Nikupe kimoja. Wimbo wa Éponine haukuanza kuwa wa Éponine.

Tamthilia hii haikuanzia London. Claude-Michel Schönberg na Alain Boublil waliitoa kwanza kwa Kifaransa, albamu na kisha jukwaani Paris mwaka 1980. Katika albamu hiyo, mahadhi unayoyalilia aliyaimba Fantine, yule mama aliyetupwa kazini, akilia ufukara wake. Wimbo unaitwa "L'air de la misère". Walipouhamishia mchezo London, mahadhi yale wakampa Éponine. Ila hawakumnyang'anya Fantine kabisa. Tafuta katika rekodi yako pale Fantine anapokufa, anapomwita mwanawe Cosette ambaye hayupo. Usisikilize maneno, vuma tu mahadhi kwa mdomo uliofungwa. Ni yale yale. Yanakwenda polepole, sauti ni ya mgonjwa, ndiyo maana sikio halishtuki. Mama anamwita mtoto asiyekuwepo, na muda mrefu baadaye binti mwingine anatembea usiku na mwanamume asiyekuwepo, kwa mahadhi hayo hayo. Anayesikiliza hajui kwa nini wimbo wa Éponine unamchoma hivi, tena yeye na mapenzi ya upande mmoja hawajuani. Inawezekana anachokisikia chini yake ni kile kitanda alichofia Fantine.

Halafu nenda mwisho kabisa, Valjean, yule mfungwa wa zamani ambaye ndiye mhusika mkuu, anapokata roho. Fantine anakuja kumchukua, tena kwa mahadhi yale. Anaingia wa pili kuungana naye: Éponine. Wanawake wawili ambao katika uhai wao wangeweza kugawana wimbo huu bila kujuana wanauimba pamoja, juu ya mzee anayekufa. Nimefundisha kwaya kwa muda mrefu na bado nikifika hapo huweka kalamu chini.

Ukishalipata hilo, mengine utayaona mwenyewe. Mwanzoni Valjean, akiwa amesamehewa na askofu ambaye yeye mwenyewe alimwibia, anaimba kwa hasira na kuchanganyikiwa, kisha anaamua kuishi maisha mapya. Karibu na mwisho Javert, askari aliyemwinda miaka yote, akiwa ameachiwa uhai na Valjean, anaimba muziki ule ule, kisha anajitupa mtoni. Wote wawili wametendewa hisani isiyoingia kwenye hesabu zao. Mmoja inamnyanyua, mwingine inamvunja. Mtunzi angeweza kumpa Javert wimbo mpya na hakuna ambaye angelalamika. Na Marius, yule kijana anayependwa na Éponine, anapokaa peke yake na viti vitupu vya rafiki zake waliokufa, ameazima mahadhi ya askofu. Hilo nakuachia.

Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa, na katika rekodi za aina hii waundaji wenyewe hawatajwi sana. Mtunzi huandika mahadhi. Kuna mtu mwingine anayeamua zumari iingie wapi, nani ashike besi, wapi okestra ikae kimya ili mwimbaji abaki uchi. Kwa mchezo huu alikuwa John Cameron. Kwa michezo mingi ya mtunzi wa Marekani Stephen Sondheim alikuwa Jonathan Tunick. Ukitaka kumsikia mtu wa aina hiyo akiwa kazini, chukua "One Day More", ule wimbo wa kufunga sehemu ya kwanza, wenye watu wengi wanaoimba kila mmoja na lake. Usiusikilize wote. Mchague mhusika mmoja, mfuate kuanzia anapoingia hadi mwisho, hata anapozamishwa na wengine. Kesho mfuate mwingine. Wenye hoteli, wale mume na mke wezi, wanaingia wakiwa bado na mahadhi ya wimbo wao wa ulaghai, katikati ya watu wanaojiandaa kufa. Siku ya tatu acha waimbaji wote, fuata besi peke yake. Utachoka upesi, kusikiliza kwa namna hii ni kazi, na dakika nne zinatosha kwa siku.

Sasa, rekodi nyingine za mchezo huo huo. Kila mtu atakushauri hivi na ni ushauri mzuri, ila hakuna anayekuambia kwamba mara ya kwanza utaichukia. Kila tofauti itakuwa kosa: huyu anakimbia, yule anavuta, hapa mbona hakulia. Mimi mwenyewe niliwahi kuitupa rekodi moja baada ya dakika kumi, nikairudia baada ya miaka, nikaona aibu. Ipe mara tatu kabla hujahukumu. Kwako wewe ningeanza na ile ya Kifaransa ya 1980. Kama hujui Kifaransa, afadhali zaidi: maneno yaliyokuzoesha hayapo, sikio linalazimika kushika sauti. Kisha ipo ile ndefu iliyorekodiwa mwaka 1988 na okestra kubwa ya simfoni, diski tatu, muziki karibu wote wa mchezo ukiwemo, na waimbaji waliokusanywa kutoka nchi mbalimbali. Javert wake, Philip Quast, ni mtu wa kutisha kwa utulivu, na mimi nampenda kuliko wa London, jambo ambalo limenigharimu mabishano mengi.

Kwa michezo mingine tofauti huwa kubwa zaidi. Oklahoma! ya 1943 ilipigwa na okestra kamili ya wakati ule. Toleo lililofika Broadway, kwenye kumbi kubwa za tamthilia za New York, mwaka 2019 lilipigwa na watu saba wenye banjo, mandolini na akodiani, na nyimbo zile zile za furaha zikaanza kunuka damu. Company ya Sondheim, ya 1970, ilikuwa habari za mwanamume asiyeoa. London mwaka 2018 akawa mwanamke, na mistari iliyokuwa ya kuchekesha ikageuka kuwa maswali ambayo wanawake huulizwa kila siku.

Kuna jambo jingine ambalo watu hulisahau. Rekodi ya tamthilia mara nyingi ni kazi ya siku moja au mbili, iliyofanywa na watu waliochoka. Kwa miaka mingi waigizaji wa Broadway walirekodi siku ya mapumziko yao: My Fair Lady ilifunguliwa tarehe 15 Machi 1956, na Jumapili ya tarehe 25 walikuwa studio. Company ilirekodiwa hivyo hivyo mwaka 1970, kikao kimoja kikavuka usiku, na mtengeneza filamu D. A. Pennebaker alikuwepo na kamera. Mwigizaji Elaine Stritch alifika alfajiri kwenye wimbo wake mkubwa, sauti ikakataa. Wakaupiga muziki bila yeye, akarudi siku nyingine kuimba juu ya okestra iliyokwisha kurekodiwa. Mfano unaonikaa zaidi ni Merrily We Roll Along ya 1981. Ilichezwa mara 16 tu, ikafungwa, na kesho yake vijana wale wakaenda studio kurekodi albamu ya mchezo ambao haukuwepo tena. Ukilijua hilo, furaha ya sauti zao unaisikia kwa namna nyingine kabisa.

Na kuna visivyomo. Santuri ndefu, iliyoanza kuuzwa mwaka 1948, ilibeba dakika 50 hivi kwa pande zote mbili, kwa hiyo ngoma, marudio na mazungumzo vilikatwa bila huruma. Follies ya 1971 ilibanwa kwenye santuri moja hadi mashabiki wakasubiri miaka 14, ndipo tamasha la New York la 1985 likafanywa ili muziki urekodiwe ipasavyo. Hata leo, albamu ya tamthilia ya Hamilton ina vipande 46 na bado kuna onyesho moja fupi, la habari za kifo cha John Laurens, rafiki wa Hamilton, ambalo mtunzi Lin-Manuel Miranda aliliacha nje kwa makusudi, liwe la waliofika ukumbini. Rekodi yako wewe ina kinyume chake: ina "I Saw Him Once", wimbo mfupi wa Cosette ambao baadaye ulitolewa kwenye mchezo. Nina hakika huwa unauruka. Usiuruke tena; walioingia ukumbini miaka iliyofuata hawakuusikia.

Kuhusu hedifoni mpya, najua umeshanunua, sitasema mengi. Vifaa bora humsaidia anayesikiliza. Mwaka 2019 watafiti Ed O'Brien na Robert Smith walichapisha majaribio ambamo waliwapa watu bisi wazile kwa vijiti, na waliotumia vijiti walizifurahia kuliko waliotumia mkono, kwa kuwa namna ngeni ya kula iliwarudishia umakini. Utamu ulikuwa kwenye ugeni, na ugeni wa kifaa huisha ndani ya wiki. Ugeni usioisha upesi ni wa kuimba. Jifunze sauti ambayo si yako. Umezoea kumfuatisha Éponine? Mwimbe Fantine kwenye ule mwisho niliokutajia, sauti ya pili, huku rekodi ikipigwa. Utakosea, utaburuzwa, utarudi nyuma. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka miwili wimbo huo utakushinda, na kinachokushinda hakikinaishi.

Nirudi kwa mama. Hukusema kama alipona, nami siulizi. Mwaka wa namna ile mtu hushika kitu kimoja na kukirudia, kwa sababu ndicho pekee kinachokwisha jinsi alivyokitarajia. Homa hujui itapanda lini, lakini unajua Valjean atakufa dakika ya ngapi, na kwamba atakufa vizuri. Kazi hiyo rekodi iliifanya, na naona iliifanya barabara. Huenda machozi yale hayakuwa ya Éponine hata kidogo, na kama sasa hayatoki, inawezekana ni kwa sababu yale uliyokuwa unayalilia yamepata mahali pengine pa kukaa. Kwa hiyo usiirudie ukitafuta machozi. Ukiyatafuta utajipima kila mstari, bado, bado, na hapo hutasikia chochote. Zipo nyimbo ambazo kwangu hazikurudi kama zilivyokuwa. Zilirudi zimepoa, nikagundua kwamba zimeandikwa vizuri kuliko nilivyojua nilipokuwa nalia.

Wiki sita zikiisha, usianze na "On My Own". Chagua usiku ambao huna kazi mkononi, hakuna kinachotokota, simu iko chumba kingine. Weka wimbo wa mwisho wa rekodi, kaa chini, na umngoje wa pili. Fantine ataanza peke yake. Sikiliza pale Éponine anapoingia, ni silabi ipi hasa, na ni yupi kati yao anayeshika sauti ya chini. Hutakuwa na hakika mara ya kwanza. Zima, nenda kalale, ukasikilize tena kesho.